Kutoka Gitaa hadi Udi, kwa Njia ya Sindano

Wapiga gitaa wakinikuta na udi mikononi husahau hata salamu. Swali lao ni moja: umefikaje huko? Nami nimewauliza hivyo hivyo wengine waliohama kama mimi. Yuko mmoja wa Himbi, hapa Goma, aliyechoka kungoja umeme. Alisema chombo kisicho na waya ndicho chombo cha mji huu. Yuko mwingine aliyempenda binti wa Kiislamu akadhani akijua udi baba mkwe atalegea. Baba mkwe hakulegea, binti akaolewa Bunia, lakini udi jamaa alibaki nao, na sasa anaupiga vizuri kuliko anavyokubali. Hizo ni habari za kusimulia watu wakicheka. Mimi nilifikishwa na kifua kikuu, kile sugu kinachozidharau dawa za kawaida, na sindano zake. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza hasira ipungue. Haijaisha yote.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba unao ugonjwa huo, na kwa ajili ya yule anayelala chumba cha pili akikusikiliza unavyokohoa. Habari za vijidudu waulize madaktari, mimi sizijui. Nasikia pia kwamba siku hizi wengi wanapona kwa vidonge tu, bila zile sindano zetu. Kama ni hivyo, mshukuru Mungu, umeze, na usome haya kama habari za watu wa zamani.

Jina langu ni Kasereka. Nilizaliwa Butembo, nikateremka Goma ujanani kama wengi wa kabila letu la Wanande, ila wenzangu walikuja na bidhaa, mimi nilikuja na gitaa. Jumamosi nilipiga solo katika baa moja upande wa Birere. Jumapili asubuhi, macho mekundu, nilipigia kwaya ya parokia. Mpiga solo huishi kwenye zile sauti nyembamba za mwisho wa shingo ya gitaa, pale wimbo unapochangamka na watu wanaacha bia zao na kusimama. Nilijivuna mno. Kahindo, mke wangu, aliniona kwanza kwenye harusi ya binamu yake, na hadi leo anasema hakuniangalia usoni hata kidogo, aliangalia vidole.

Kikohozi kilianza msimu wa vumbi. Watu wote hukohoa msimu huo, kwa hiyo sikujali. Dawa za kwanza nilizimeza miezi yote niliyoagizwa, na mwisho wake nilikuwa nimekonda kuliko mwanzo. Mkanda wa gitaa ulikuwa unanichuna mfupa wa bega. Mtoto wetu wa kwanza, Masika, alikuwa hajaanza hata kukaa. Ndipo wakapima makohozi yangu kwa mashine nyingine, na muuguzi anayeitwa Faustin akaniita pembeni, jambo ambalo mgonjwa yeyote anajua si la heri.

Miezi ya kwanza walinilaza kituoni, kwenye banda la peke yetu wenye ugonjwa huo. Kungoja kwetu kulikuwa nje, mvua inyeshe isinyeshe, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa mawe meusi, kwa sababu pumzi zetu hazikutakiwa ndani. Kila mtu alikuwa amefunika mdomo na pua. Unawajua watu kwa macho na kwa namna yao ya kukohoa. Kahindo alikuwa akiuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Kituku, na akimaliza alikuja kusimama ng'ambo ya ua, Masika mgongoni, akinuka samaki, akanipigia kelele habari za nyumbani. Nilimwona mwanangu akiota meno kupitia ule ua. Niliumia sana, na sikuwa na wa kumlaumu.

Sindano ilikuwa kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Vidonge vilijaa kiganja, na ilibidi umeze mbele ya Faustin kisha ufungue kinywa aone. Baada ya wiki kadhaa matako yangu yalikuwa yamejaa uvimbe mgumu, nikawa nakaa upande mmoja kama mtu anayetaka kuondoka. Nyayo ziliwaka moto. Nilitapika chai, nilitapika fufu, ule ugali wetu wa muhogo, nilitapika hata maji. Huyo ndiye mtu aliyejivuna Birere.

Kwenye lile benchi ndipo nilipokutana na Mama Zaina. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kasongo, amesukumwa na vita vya zamani mpaka huku kwetu. Marehemu mume wake alikuwa mpiga udi wa harusi, akamfundisha, na alipokufa alimwachia udi na majivuno. Hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Alidanganya kwenye karata, alitutuma maji, na kila siku alifunga kitambaa cha kichwa kipya kana kwamba anakwenda kwa mkuu wa mkoa. Ule udi alikuja nao hadi kwenye sindano. Mara ya kwanza kuuona, mgongo wa mviringo, shingo fupi iliyovunjwa nyuma, sikujizuia.

"Mama, hii papai yako itaiva lini?"

"Weye kijana," alinijibu bila kuinua macho, "gitaa yako bila umeme ni mwiko ya fufu."

Benchi zima lilicheka hadi likakohoa. Tangu hapo tukawa watani, na mtani mgonjwa ni mali, usimpoteze ukimpata.

Mvua zilipoanza, makohozi yangu yalikuwa yameanza kusafika, wakaniruhusu kulala nyumbani, Keshero, mradi kila asubuhi nifike kituoni kuchomwa. Kahindo alinijengea kibanda cha mbao ubavuni mwa nyumba. Alikuwa ananiwekea chakula mlangoni na kurudi nyuma, na mimi nilikuwa nakula nikimwangalia Masika akitambaa kwenye uwanja. Nilichomshukuria Mungu ni kwamba gitaa langu lilikuwa kwenye kile kibanda. Nilikuwa sijaligusa tangu vumbi.

Nilipiga, likatoa sauti ya kitu kilichofunikwa blanketi.

Hapa wasio wapiga gitaa naomba wanivumilie. Nyuzi za gitaa zikizeeka hufa: uchafu na jasho huingia, mng'ao wa sauti unaondoka. Tajiri hununua nyingine. Sisi tunachemsha. Unazivua, unazizungusha, unazitumbukiza kwenye maji yanayotokota, unaziacha zitoke uchafu, unazikausha juani. Zinafufuka kwa siku kadhaa. Kila mpiga gitaa wa Goma amewahi kupigana na mke wake kuhusu sufuria. Basi nikachemsha. Sauti haikubadilika. Nikachemsha tena, na chumvi kidogo, kama nilivyofundishwa Butembo. Haikubadilika. Wiki ile sufuria ya sombe, ya kupikia majani ya muhogo, ilifanya kazi ya nyuzi kuliko ya sombe.

Jumapili moja padri aliniruhusu nipigie kwaya tukiwa nje, kwenye uwanja wa kanisa, mimi nikiwa nimejitenga mbali na waimbaji. Nilipandisha sauti nyembamba kwenye kipaza sauti cha gitaa hadi mwisho, kwa sababu nyuzi zilikuwa mbovu. Niliona waimbaji wanafunga macho. Wengine waliweka mikono masikioni. Nilidhani roho imewashukia. Nikapandisha tena.

Mwenzangu wa baa, akinihurumia, akaniletea nyuzi mpya kabisa kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, bado zimo kwenye karatasi. Nikazifunga kwa furaha. Zikalia kama zile za zamani. Nikasema moyoni, wamemuuzia takataka. Nikazivua, nikawasha jiko la makaa.

Kahindo alinikuta nimeinamia sufuria. Kisha alizunguka mbele yangu, uso wake ukiwa mkavu.

"Papa Masika, haya si ile makorde mupya?"

"Ni mubovu. Hazilie."

"Makorde mupya, nani anapikaka makorde mupya?"

Nilikasirika, nikamwambia asiingilie kazi asiyoijua. Akaniacha. Baadaye kidogo Masika, aliyekuwa amekaa mkekani mbele yangu, aligeuza kichwa ghafla akatazama nyuma ya bega langu, akacheka. Akageuza tena. Nikatazama alipotazama, nikamkuta Kahindo amesimama hatua chache nyuma yangu, mkono juu, anatikisa funguo zote za nyumba.

"Mutoto amegeuka," alisema, na nilijua amesema hivyo kwa kumwangalia midomo. "Weye haukugeuka."

Maji yaliendelea kutokota. Nilitazama nyuzi mpya zikizunguka ndani ya sufuria, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku Faustin aliponiita pembeni.

Faustin alituonya tangu mwanzo kwamba sindano inaweza kuharibu masikio, na mtu akisikia miluzi aseme. Mimi sikuwa nimesikia miluzi yoyote. Nilisikia nyuzi mbovu tu. Tulipomweleza, akanipeleka hospitali kupimwa. Waliniweka kwenye chumba kidogo, wakanivika vitu masikioni, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa tayari kama mwanafunzi. Nikangoja. Dada aliyekuwa anaendesha mashine alikuwa ananitazama kwa upole uliozidi.

"Mutaanza saa ngapi, mama?" nikamwuliza.

Akaandika kitu kwenye karatasi, akaniinulia nisome: tumefika katikati.

Daktari alieleza taratibu, ananiangalia usoni, na Kahindo ananirudia yaliyonipita. Sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi. Zilizobaki, za kati na nene, zinaweza kubaki au kwenda. Nikiacha sindano sasa, ugonjwa unaweza kuamka, na ukiamka mara ya tatu hana cha kunipa. Angepunguza siku za kuchomwa, lakini kuacha kabisa hakushauri. Niliuliza kama kuna dawa nyingine. Akasema kwa sasa, hapa, hapana.

Tulipofika nyumbani tuligombana kama hatujawahi kugombana, mimi napiga kelele nisizozijua ukubwa wake, majirani wanachungulia. Nilimwambia sichomwi tena. Nilimwambia mtu ambaye hawezi kusikia solo yake mwenyewe amekwisha kufa, bado kuzikwa. Alinijibu kwamba yeye hakuolewa na gitaa. Nikamwambia muongo, uliolewa nalo. Hapo akamchukua Masika, akamweka mbele yangu kwenye mlango wa kibanda, akajisogeza ili nione kila neno.

"Masika akikuwa na papa kiziwi, atapaza sauti. Akikuwa na papa maiti, ataita nani?"

Lakini kiburi ni kitu kigumu. Kesho yake sikwenda kituoni, na keshokutwa pia.

Siku iliyofuata nilikwenda, ila si kwa sindano, nilikwenda kumwambia Faustin aniache. Alikuwa hajafika. Mama Zaina alikuwa peke yake benchini, na udi. Masikio yake yalikuwa yameanza kuharibika kabla ya yangu; sote tulikuwa tunajua kwa sababu alipiga kelele hata akitaka kunong'ona. Nikashangaa jambo ambalo lilipaswa kunishangaza mapema: mwanamke huyu hasikii, lakini udi wake haujawahi kutoka nje ya sauti.

Nikamwuliza kwa ishara. Akanitazama kama ninayemchelewesha.

"Na miye nilizani guitariste ana akili. Lete kifua."

Akanisukumia udi. Sikujua hata namna ya kuushika, ulitaka kuteleza. Akaubana mwenyewe dhidi ya mbavu zangu, mgongo ule wa mviringo ukakaa pale pale ugonjwa ulipokuwa unanila. Nyuzi zake zilikuwa za kuvulia samaki, zile za plastiki zinazouzwa Kituku, nami nilikuwa nimezicheka. Udi una nyuzi pacha: kila sauti ina nyuzi mbili zinazopigwa pamoja. Mama Zaina alilegeza moja makusudi, akapiga zote mbili. Ndani ya kifua changu kitu kilianza kutikisika, wuu, wuu, wuu, wuu. Akakaza kidogo. Mtikisiko ukapungua kasi. Akakaza tena kidogo sana. Wuu. Wuuu. Kisha ukatulia, na ukabaki uzito mmoja laini, umelala kwenye mbavu.

Sikuwa nimesikia kitu kwa namna ninayoijua. Lakini nilijua, bila shaka yoyote, kwamba nyuzi zile mbili zimepatana. Gitaa la umeme halikai kifuani. Linaning'inia tumboni na sauti yake inatokea kwenye sanduku kule ukutani, na usipoisikia haina pengine pa kupitia. Mtikisiko huu wa udi ulikuwa unapita kwenye mifupa.

"Tena," nikasema.

"Kwanza sindano. Halafu uniletee sambaza. Ya kukaanga, si ile ya jua."

Faustin alipofika alinikuta nalia na papai la Mama Zaina mapajani. Nikavua mkanda, nikachomwa. Sitaki ufikiri niliamua kwa ushujaa. Niliamua kwa sababu kifua kile nilikihitaji, na kwa sababu ya yale maneno ya mlangoni, na kwa sababu nilikuwa na hofu ya kufa ambayo nilikuwa nimeificha chini ya gitaa.

Kwa hiyo nikawa mwanafunzi. Alinifundisha kwa matusi na kwa kunipiga vidole. Udi hauna vile vyuma vya gitaa vinavyokuonyesha pa kukanyaga. Kidole kikikosea upana wa punje ya mchele umeharibu. Mpiga gitaa anadhani atatoka huku na kuingia kule kama mtu anayebadili shati. Alisema ninapiga kama kuku anayeparua. Na mimi nilimletea sambaza kila wiki, za kukaanga.

Kisha vita vikafika. Waasi walikuwa wamekaa milimani miezi mingi, na kambi za wakimbizi zikawa zimejaa huko Kanyaruchinya. Tulikuwa tumezoea kuhesabu kwamba mji wenyewe hautaguswa. Siku moja kambi yote ilianza kutembea barabarani, magodoro kichwani, mbuzi, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zimebeba wazee. Nitakuambia jambo la ajabu: mabomu niliyasikia vizuri kabisa. Sauti nene zilikuwa bado zangu. Risasi ndizo sikuzisikia. Kahindo alinivuta shati nikaanguka kifudifudi kwenye mafungu ya sombe kando ya barabara, na nilipoinua kichwa niliona kila mtu mtaani amekwisha kulala chini; ni mimi tu niliyekuwa nimebaki nimesimama kama mlingoti.

Kituo kikafungwa. Kabla ya kuondoka na familia yake, Faustin alipita nyumbani na mfuko wa dawa na sindano za siku nyingi, akamfundisha Kahindo kuchoma, kwenye mwili wangu mwenyewe, mara moja tu, kwa haraka, akitazama lango. Tangu siku hiyo mke wangu ndiye aliyenichoma. Fikiri jambo hilo. Dawa ile ile iliyokuwa inanichukulia masikio, ni mkono wake uliosukuma. Alinichoma kwa nyuma, bila shaka, na nilihisi pumzi yake mgongoni, nikajua kila mara anasema kitu anaposukuma. Sikuweza kukisikia. Nimemwuliza mara nyingi alikuwa anasema nini. Anasema hayo si yangu.

Nyumba ilijaa. Shangazi yake Kahindo alikuwa amefika kutoka mji wa Kiwanja na wajukuu, wamekimbia kwa pikipiki na kwa miguu. Alinitazama nikikohoa akasema huyu atatumalizia watoto. Aliweka alama ya mkaa kwenye sahani yangu. Nilimchukia. Lakini ndiye aliyefua mashuka yangu kwa maji moto, kila mara akinung'unika, na Kahindo alipoishiwa nguvu ndiye aliyenishika mikono wakati wa sindano. Watu si kitu kimoja.

Mama Zaina alikuja asubuhi moja, udi umefungwa ndani ya kikwembe, vidonge vyake kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa anakwenda Kituku kutafuta mtumbwi wa injini wa kuelekea Minova, na kutoka huko Bukavu kwa dada yake. Watu walikuwa wanakanyagana kwenye mitumbwi ile. Tulisimama uani viziwi wawili tunapigiana kelele hata shangazi akatoka kuangalia kama tunagombana.

"Hii si zawadi!" alisema, ananisukumia udi. "Ni amana! Nikirudi nikaikuta na vumbi, nitakulaani!"

"Unarudi lini?"

"Nini?"

"Lini!"

Akatikisa mkono, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaondoka. Hakurudi. Nimeulizia kwa wenye mitumbwi wa Kituku, nimetuma salamu Bukavu kwa kila ninayemjua anayekwenda. Sijui kama alifika, sijui kama dawa zilimtosha, sijui kama yu hai. Jambo hili linanikata mpaka leo. Udi naupangusa kila asubuhi.

Waasi waliondoka mjini, kituo kikafunguliwa, Faustin akarudi amekonda kuliko mimi. Sindano zikaisha mvua za Machi zilipoanza. Vidonge vikaendelea msimu wa vumbi, mvua, vumbi tena, hadi siku Faustin aliponipa maji ya kumezea vidonge vya mwisho na hakuniambia nifungue kinywa. Nilifungua mwenyewe kwa mazoea. Tulicheka wote wawili.

Masikio hayakurudi. Nataka ujue hilo, kwa sababu watu wa kanisani walipenda kuniambia yatarudi. Ndege sikuwasikia tena, wala simu, wala maji kwenye sufuria, wala "s" kwenye jina la mwanangu. Bendi ya baa ilipata mpiga solo mwingine, kijana mzuri. Nilikwenda mara moja kumtazama. Niliona watu wanaacha bia zao na kusimama, nami sikujua ni kwa sauti gani. Nilitoka mapema. Gitaa nikamwachia.

Na jambo ambalo sikumwambia mtu, hata Kahindo, lilikuwa hili. Masika alijifunza kusema mwaka ule ule ambao mimi nilikuwa ninajifunza kutosikia. Watu wote walikuwa wanaijua sauti yake. Shangazi wa Kiwanja alikuwa anaijua. Kwangu ilikuwa mnong'ono, midomo inayocheza na mkono unaonivuta suruali. Alikuwa mtoto mwerevu, alijua kuja mbele yangu na kufungua kinywa wazi. Nilijibu niliyoyasoma. Usiku nilijaribu kubuni sauti ya kumpa, nikashindwa.

Alikuwa ameanza shule. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nimekaa kwenye kizingiti, udi mbavuni, napiga polepole wimbo ambao kwaya ilikuwa imeimba asubuhi. Niliutambua kwa midomo yao. Masika alikuja akasimama kati ya magoti yangu. Alitaka kuona ndani ya lile tundu la udi, watoto wote wanataka. Akainama. Akaweka shavu kwenye mbao, kisha akageuza uso, akaweka kinywa pale tunduni. Mkono wangu ulisimama.

Kitu kikaingia kwenye mbavu zangu. Hakikuwa nyuzi, nyuzi nilikuwa nimezifunika kwa kiganja. Kilikuwa kidogo, chenye joto, kinapanda na kushuka, kinapumua katikati ya maneno kisha kinaendelea. Nikakibana kifua changu kwenye ile mbao kwa nguvu zangu zote. Alikuwa anaimba wimbo wa asubuhi. Niliufuata hatua kwa hatua, mstari wa kwanza, wa pili, nikafika pale wimbo unapopaswa kupanda, na yeye hakupanda vya kutosha. Alikuwa chini kidogo, upana wa punje ya mchele.

Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye nywele zake.

"Hapana, Masika," nikamwambia. "Hapo unakosea. Panda kidogo."

Akapanda.